Anayelisifu Tanga Hashiki Demani



Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana tunaoandika, na nisipousema leo utanikaa kooni. Kila tukitaka kuonyesha kwamba tunaipenda asili yetu, tunachukua jahazi au ngalawa, tunalitweka tanga lake jeupe, tunaliacha lielee wakati wa machweo, halafu tunaanza kulia kwamba dunia imeharibika. Tanga limekuwa babu, limekuwa bibi, limekuwa Uswahili wenyewe. Haya, sawa. Lakini nauliza: katika mashairi yote hayo, nani kashika kamba?

Sijauliza kwa utani. Katika kurasa hizi hizi ndugu yetu mmoja aliandika kwamba wavuvi wanaoliacha tanga la pembe tatu na kushona matanga ya namna nyingine, eti ili mtu aweze kwenda baharini peke yake, wanauza urithi kwa bei ya chee. Jina lake silitaji. Kalamu yake ni nzuri kuliko yangu na nimejifunza mengi kwake. Ila safari hii kapotea njia, na aliyepotea huambiwa.

Mimi ni kijana wa pwani ya Bagamoyo. Shule nimeishia kidato cha nne. Nina riwaya iliyo katika madaftari matatu, na mchapishaji bado namtafuta. Kwa hiyo kwa elimu sina la kujivunia. Ila ngalawa naijua, kwa sababu ada ya shule yangu ilitoka humo, kwa mkono wa mjomba wangu, na mimi mwenyewe nimevuta ngama kwa upo tangu nikiwa sifiki hata kwenye mlingoti.

Basi hebu niwaeleze wasomaji wa bara, maana ugomvi huu hauwezi kuamuliwa na mtu asiyejua kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wa gogo, umefungwa mirengu miwili ya kukatisha, na kwenye ncha za mirengu kuna mbao za kuuzuia usibiringike. Mlingoti ni mfupi. Juu yake hutwekwa foromali, yaani mti mrefu kupita mlingoti wenyewe, nao ndio unaobeba tanga la pembe tatu. Pembe ya mbele ni goshi, imefungwa huko omoni. Pembe ya nyuma ina kamba iitwayo demani, na kamba hiyo ndiyo roho ya safari: ukiivuta tanga linashiba upepo, ukiilegeza linapumua. Kwa upepo wa ubavuni tanga hili halina mpinzani. Linakwenda bwana, maji yanachanika! Hapo mshairi hakusema uongo.

Uongo unaanza pale upepo unapotoka mbele na wewe unataka kurudi nyumbani. Inabidi ubishe, uende upande huu, halafu ugeuke uende upande ule. Na kugeuka kwa tanga hili si kusukuma usukani tu. Foromali iko upande mmoja wa mlingoti, nayo lazima ihamie upande wa pili. Kwa hiyo mnaupa upepo mgongo, demani inaachiwa, foromali inasimamishwa wima, tanga zima linazungushwa mbele ya mlingoti, demani inapelekwa upande mwingine na kukazwa upya. Huko ndiko kukisi tanga. Wakati mmoja anafanya hayo, wa pili yuko tezi kashika usukani, na ole wao upepo ukilipiga tanga kutoka mbele likabanwa kwenye mlingoti. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Si watu wawili wa mapambo, ni watu wawili wa lazima.

Sasa huyo mtu wa pili yuko wapi?

Hapo ndipo ndugu yetu hakugusa. Mwenzake mjomba alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Leo yuko Dar es Salaam anaendesha bodaboda, na simlaumu. Samaki wa karibu wamepungua, na pato la ngalawa linagawanywa: la chombo, la nyavu, la huyu na la yule. Kilichokuwa kinatosha watu wawili sasa kinamtosha mmoja kwa shida. Ukipita ufukweni kwetu alfajiri utawahesabu wanaosukuma ngalawa peke yao, wazee kwa makamo, huku vijana wako kituoni wanasubiri abiria. Hakuna mvuvi hata mmoja aliyekaa kitako akasema, nimechoka na utamaduni, kuanzia leo nitakwenda peke yangu. Wamejikuta peke yao.

Na mtu aliye peke yake na tanga la watu wawili ana njia mbili tu. Ama asitoke, watoto wakae na njaa. Ama atoke, na kusi likikaza alione tanga linamshinda, kana mkono wa kulia, demani mkono wa kushoto, na henza ya kulitulia tanga imefungwa kule mbele kwenye mlingoti ambako hafiki bila kuacha vyote viwili. Mtaa wa pili kutoka kwetu palikuwa na mzee aliyetoka hivyo mwezi wa saba. Ngalawa ilirudi na maji. Yeye hakurudi. Tulisoma hitima bila maiti. Sasa mtu aje aniambie kwamba hiyo ndiyo bei ya urithi, nami nitamuuliza kama yuko tayari kuilipa yeye.

Mjomba hakusubiri mtu amwandikie shairi. Aliniambia, "Mpwa wangu, wewe umesoma, hebu nitazamie watu wa huko kwingine wanaokwenda peke yao wanafanyaje." Nikatazama, nikamchorea kwenye daftari la riwaya. Tukakaa na fundi wa matanga na fundi wa ngalawa, wakacheka kwanza, halafu wakaanza kubishana kama mafundi wanavyobishana, na mabishano ya mafundi ndiyo elimu.

Tulichofanya ni hiki. Tanga la zamani lilifumuliwa likashonwa upya kuwa la pembe nne. Foromali ilikatwa ikawa fupi, nayo imening'inizwa ili sehemu ndogo ya tanga iwe mbele ya mlingoti na sehemu kubwa iwe nyuma. Chini ya tanga tukaweka upondo wa mwanzi. Tanga la namna hii foromali yake haihamishwi. Inakaa upande mmoja wa mlingoti siku zote. Ukitaka kugeuka unasukuma kana, unainamisha kichwa, tanga linavuka lenyewe. Ni kweli kwamba ukienda upande mmoja tanga linaegemea mlingoti na umbo lake linaharibika kidogo. Kidogo! Kwa hasara hiyo mjomba kapata mkono mzima wa bure.

Henza tuliipitisha kwenye kapi chini ya mlingoti ikaletwa mpaka tezi, karibu na goti lake. Imefungwa fundo la kuvuta mara moja. Ukilivuta, tanga linashuka. Zikawekwa kamba mbili nyembamba kila upande wa tanga, kama mikono ya mtu anayepokea mtoto, ili likishuka lisimwagike majini bali lijikunje juu ya upondo. Demani ilipitishwa kwenye kapi iliyofungwa kwenye upondo na ncha yake ikafungwa kwenye chombo. Kwa hiyo nguvu inayotakiwa ni kama nusu ya ile ya kwanza. Tena haifungwi fundo kabisa. Inazungushwa mara moja kwenye kigingi, basi, ili upepo ukija kwa hasira aiachie na chombo kisimame. Kwenye tanga kukashonwa mistari miwili ya vikamba, upepo ukizidi analipunguza, badala ya kubeba tanga dogo la pili kama ilivyozoeleka. Kwenye kana kukafungwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, huku na huku, ili usukani ujishike wakati anavuta nyavu. Na mwisho, kamba ya kiunoni mpaka kwenye mti wa katikati. Hiyo ya mwisho haina uhusiano na mwendo. Hiyo ni ya shangazi na wanangu wa mjomba.

Hesabu ya vitu vyote: kapi tatu, kamba, mwanzi, uzi na ujira wa mafundi. Hakuna kilichotoka Ulaya.

Sasa nije kwenye hoja zao moja moja, wasije wakasema nimezikimbia.

Kwanza wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba Mswahili ni mtu wa ushirika, kwenda peke yako ni tabia ya kigeni. Methali naiheshimu. Lakini methali zetu ni nyingi na hazikutungwa ili zitumike kama rungu. Wahenga hao hao walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Wote walisema kweli, kila mmoja kwa siku yake. Ushirika mnaoutaka uleteni ufukweni: leteni mtu wa pili akae kwenye ngalawa ya mjomba, nasi tutalirudisha tanga la zamani jioni hii hii. Kama hamna mtu huyo, basi msimpe mvuvi methali badala ya baharia.

Pili wanasema tanga la pembe tatu ndilo asili, na asili haibadilishwi. Hapa nawaomba wafungue historia. Kabla majahazi hayajatawala pwani hii palikuwa na mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja, kimeshonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa. Huo mtepe ulikuwa wetu kabisa, wa Lamu na visiwa vyake. Ulipotea katika karne ya 20, hata mwaka 2003 ikabidi mafundi Zanzibar waushone mwingine kwa ajili ya maonyesho ya Beit al-Ajaib, watu wapate kuona ulivyokuwa. Sasa asili ipi tunayoitetea? Ya mkeka au ya kitambaa? Na kitambaa chenyewe, tangu karne ya 19 tunakiita merikani, na jina linasema lilikotoka. Hata mirengu ya ngalawa, wataalamu wengi wanaamini wazo lake lilivuka bahari pamoja na watu wa upande wa Indonesia na Madagaska. Kamba za makumbi zimekwisha, leo tunatumia nailoni na hakuna aliyeandika tenzi ya maombolezo. Lamu wametengeneza jahazi la plastiki chakavu, Flipflopi, likaenda kwa tanga hadi Zanzibar mwaka 2019, na dunia nzima ikapiga makofi. Yaani kubadili mbao ni ubunifu, kubadili kamba ni maendeleo, ila mvuvi maskini akibadili tanga asife, huyo ni msaliti! Ajabu ya Musa.

Tatu wanasema huo ni uzungu. Haya, tuwatazame hao Wazungu. Joshua Slocum, Mmarekani aliyezaliwa Kanada, alitoka Boston mwaka 1895 katika chombo cha mita 11 kiitwacho Spray, akarudi mwaka 1898 akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake, maili 46,000. Je, alikwenda na zana zile zile alizotoka nazo? Hata kidogo. Alipofika Buenos Aires alikata mlingoti futi 7, akafupisha na mti wa omoni, kisha akaongeza mlingoti mdogo huko nyuma ili chombo kitulie. Baadaye Spray ilikwenda maili 2,700 katika Bahari ya Hindi, siku 23, na yeye anaeleza kwamba kwa jumla hakushika usukani hata zaidi ya saa tatu. Halafu akaandika kitabu, kikatoka mwaka 1900, kinasomwa mpaka leo. Mle ndani kamba zina majina na kila kamba ina kazi. Nakwambia mwandishi mwenzangu, mle nilijifunza uandishi kuliko darasani.

Na wa pili ni Hasler, askari wa wanamaji wa Uingereza. Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yako, kutoka Plymouth mpaka New York, mashua tano tu. Yeye alikuwa na mashua ya chini ya mita 8, Jester. Aliyang'oa matanga ya kwao akaweka tanga la Kichina, lile lenye vijiti vya kukatisha linalokunjika kama mkeka, juu ya mlingoti mmoja, na kamba zote zikaletwa kwenye tundu alimokaa. Aliweza kulitweka, kulipunguza na kulitua bila kutoka humo. Akafika wa pili kwa siku 48, nyuma ya Francis Chichester mwenye mashua kubwa aliyetumia siku 40. Sasa niambieni, je, Waingereza walimlilia kwamba kauza urithi wao kwa Mchina? Taifa linalojisifu kwa bahari kuliko yote lilichukua akili ya Kichina, likasema ahsante. Kinachoitwa uzungu hapa ni akili ya kawaida ya mtu aliye peke yake katikati ya maji. Hiyo haina kabila.

Nne, wapo wenye huruma ya haraka: kwa nini asinunue mashine? Kwani mashine inakula upepo? Inakula petroli, na petroli inanunuliwa kabla samaki hajapatikana. Tena mashine ikizima mbali na nchi kavu, kitakachokurudisha ni tanga, nawe bado uko peke yako. Tumerudi pale pale.

Sasa niseme lililoniuma hasa. Kulikuwa na mashindano ya ngalawa ya sikukuu, zawadi nyavu mpya. Mjomba alijiandikisha. Waandaaji walipoliona tanga lake wakamtoa kwenye mstari, wakasema hayo ni mashindano ya matanga ya asili, na kwamba wageni wamekuja kupiga picha za asili. Hakuna aliyemuuliza kwa nini kabadili. Hakuna aliyegusa hata kapi moja. Alirudi nyumbani akatundika kamba zake, na kesho yake saa kumi alfajiri akatoka, peke yake, kama kawaida. Waliokaa kwenye picha walikuwa bado wamelala.

Na sisi waandishi tuko upande gani? Naogopa kwamba tuko upande wa wapiga picha. Tumeifanya ngalawa kuwa sura ya kutazamwa, na mtu aliye ndani yake tumemfanya kivuli, kitu cheusi kwenye jua linalozama. Na kivuli hakishikwi na njaa wala hakizami.

Ajabu ni kwamba ugomvi huu sisi watu wa fasihi tulikwisha kuupitia wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, aliambiwa haya haya: kavunja asili, kaleta uzungu. Je, utenzi ulikufa? Tarbia ilikufa? Haikufa hata moja. Mpaka leo anayetaka vina anatunga kwa vina, anayetaka huru anatunga huru, na lugha ikapata pumzi mbili badala ya moja. Wengi wetu tunaochapisha humu tunaandika bila vina na hakuna anayetutoa kwenye mstari. Basi uhuru tulioudai kwenye karatasi tunamnyima vipi mtu anayeuhitaji kwenye maji? Sisi tukikosea mizani tunachekwa. Yeye akikosea anasomewa hitima.

Sisemi kila ngalawa ibadilishwe. Penye watu wawili wanaoelewana, foromali ndefu na iendelee kupanda, na mimi nitakuwa wa kwanza kusimama ufukweni kuitazama, maana kwa kweli inapendeza. Ninachokataa ni hukumu inayotolewa na watu wa nchi kavu juu ya kamba wasiyoishika. Mwenye chombo ndiye mwenye haki ya kulikata tanga lake.

Kwa hiyo, ndugu mshairi, na wengine wenye nia kama yako: kabla hujatunga tena beti za tanga, nenda ufukweni saa kumi alfajiri. Saidia kusukuma. Uliza hii kamba inaitwaje na inafanya nini, na aliyekuwa akiishika kabla kaenda wapi. Omba kupanda, kama kuna nafasi. Na kwa mjomba wangu nafasi ipo, tangu binamu aondoke. Shika demani mpaka viganja viwake, mwende mkabishe mara tatu nne dhidi ya kusi. Ukirudi, andika unavyotaka, nami nitakusoma.